Sweta Kumi na Moja

Kama uliwahi kusoma shule ile ya kilimani, ukavaa sweta ya bluu ambayo mkono mmoja ulifika kwenye vidole na mwingine ukaishia njiani, nisamehe. Ni mimi. Usimlaumu mama yako kwamba aliifua kwa maji ya moto, wala usidhani ulikua upande mmoja. Nilikuvalisha mikono miwili isiyo na undugu, kisha nikaenda kulala usingizi mnono.

Siku hizi pale palipokuwa na karakana yetu wanauza vioo vya simu. Nilipita juzi, nikasimama kama mtu anayeulizia bei, kumbe nanusa. Hakuna kitu. Harufu ya sufu iliyolowa, mafuta ya mashine, chai iliyolala kwenye chupa, vyote vimekwenda. Kilichobaki ni dari, na darini bado zipo kulabu nne, maana kabla yetu chumba kile kilikuwa bucha. Shangazi alipokipanga alikataa kuzing'oa. "Nyama ilining'inia hapo," alisema, "uzi utashindwa nini?" Basi mvua ikinyesha kwenye bati, sisi tukifuma chini ya mafungu ya uzi wa bluu yaliyoning'inia kama mbuzi waliochunwa, ungedhani tuko ndani ya tumbo la kitu kikubwa chenye joto. Hebu mtu angeniambia wakati ule kwamba nitakuja kuikumbuka sehemu ile. Ningecheka mpaka nianguke.

Tulikuwa wanne. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, ndiye aliyekuwa mwenye karakana na mwenye neno la mwisho, na mara nyingi la kwanza na la katikati pia. Kila mtu alimwita Shangazi, hata wateja waliomzidi umri. Mama Mapacha alikaa kwenye mashine ya dirishani ili asipitwe na mtu barabarani. Alijua nani kagombana na nani kabla wagombanaji wenyewe hawajaamua. Mashine ya katikati ilikuwa ya Redio, dada wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye mkono mwepesi. Tulimwita Redio kwa sababu hakuwa akisikika. Angeweza kumaliza siku nzima kwa maneno sita, matatu kati ya hayo yakiwa "mm." Mashine ya ukutani ilikuwa yangu. Mimi waliniita Cherehani, na si kwa sababu ya kushona. Kwa sababu ya mdomo.

Nilifikaje pale? Matokeo yangu ya sekondari yalikuwa ya aina ile ambayo mzazi huyasoma kimya kimya, halafu anaikunja karatasi mara nne. Baba aliikunja mara nne, akampigia dada yake simu. Jumatatu iliyofuata nikawa mfumaji. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuuliza, na nikagundua kwamba kutoulizwa kuna starehe yake. Nikichelewa kazini, jibu lilikuwepo: sikuomba kuja. Uzi ukikatika, sikuomba. Mvua ikininyeshea njiani, muulizeni baba, ndiye aliyenitafutia kazi ya mbali. Nilikuwa kama mzigo ulioandikwa jina la mtu mwingine. Ukivunjika, mwenyewe atajua la kufanya.

"Wewe unangoja nini?" Redio aliniuliza siku moja tukinywa chai. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

"Nangoja mambo yangu yakae sawa."

"Yanakaa yenyewe?"

Mama Mapacha alicheka mpaka chai ikampalia. Nikacheka nami.

Sasa, sheria ya karakana. Kila mfumaji alikuwa na rangi yake. Ukimaliza sweta, kabla hujashona pindo la chini, unapitisha ndani kipande cha uzi wa rangi yako, urefu wa kidole, mahali pasipoonekana. Redio nyekundu, Mama Mapacha kijani, mimi njano. Sweta ikirudi na kasoro, Shangazi anageuza pindo, anaona rangi, anajua amwite nani. Hakuwa na haja ya kuangalia kingine. "Kazi isiyo na mwenyewe ni yatima," alipenda kusema, "na mimi sikufungua nyumba ya mayatima."

Mwaka ule, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, tulipata oda ya sweta mia moja na ishirini. Arobaini kila mmoja. Mkono wa sweta kubwa ulikuwa na mistari themanini na minne. Unasukuma kile chuma cha mashine, ambacho sisi tulikiita treni, kinakwenda na kurudi, kraa, kraa, na pembeni kuna kihesabio kidogo kinachohesabu. Ukimaliza mkono wa kwanza unakirudisha kwenye sifuri, ndipo unaanza wa pili. Basi. Hata mtoto anaweza, isipokuwa kama mtoto huyo anamsimulia Mama Mapacha jinsi jirani alivyomkimbiza kuku mpaka akaibukia katikati ya harusi ya watu. Nimekirudisha? Sijakirudisha? Nakisia. Nasukuma treni. Nikija kuunganisha, mkono mmoja umesafiri na mwingine umebaki nyumbani.

Dawa yake ilijulikana: kufumua. Unavuta uzi, mkono wote unayeyuka mbele ya macho yako, unaanza upya. Nusu siku imepotea. Mimi nikabuni dawa fupi. Niliulowesha mkono mfupi, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, nikaukandamiza kwa pasi ya moto ukiwa umenyooka. Ukipoa unalingana kabisa na mwenzake. Unalingana naye mpaka siku ya kufuliwa.

Tatizo lilikuwa ule uzi wa njano. Nikiutia, nimejishtaki mwenyewe. Nisipotia uzi wowote, Shangazi ataligundua hilo siku hiyohiyo. Kwenye mkebe katikati ya mashine zetu mbili kulikuwa na kibonge cha uzi mwekundu. Redio alikuwa ametoka kunawa mikono. Nikakata kipande, urefu wa kidole.

Nilijiambia ni mara moja tu. Sifa za Redio zilikuwa nyingi, zingeibeba kasoro moja kama tembo anavyombeba inzi. Halafu ikaja mara ya pili, na mara ya pili haina aibu kama ya kwanza. Sweta zote zilitupwa kwenye magunia yaleyale, hakuna aliyehesabu rangi. Mwisho wa oda nilikuwa wa kwanza kumaliza arobaini zangu. Shangazi akanisifu mbele ya watu, nami nikazipokea sifa kwa unyenyekevu. Kumi na moja kati ya hizo zilikuwa na uzi mwekundu.

Lakini nikwambie kilichokuwa kinamngoja Redio. Shangazi alikuwa amepanga karakana ya pili upande wa soko: mashine mbili, na nyuma yake chumba kidogo cha kulala chenye dirisha. Funguo zingekuwa za Redio. Alikuwa amezisubiri miaka mitano. Aliishi kwa kaka yake, akilala sebuleni pamoja na watoto wanne, godoro likikunjwa kila asubuhi kabla ya mgeni kubisha hodi. Alikuwa ameshalipima lile dirisha, na wakati wa chai, sisi tukipiga domo, yeye alifuma pazia. Jeupe, lenye maua madogo ya bluu kwenye ukingo. Alilifuma kwa mkono, si kwa mashine.

Wiki ya tatu baada ya shule kufunguliwa, ilikuwa Jumatatu, mwalimu mmoja aliingia na gunia begani.

"Shangazi," alisema, "wazazi wanalalamika tumewauzia pweza."

Akazitoa moja moja mezani. Mikono ilikuwa imeshajirudi, kila mmoja na urefu wake. Shangazi akageuza pindo la kwanza. Nyekundu. La pili, nyekundu. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa, akageuza la tatu. Mashine zote zilikuwa zimenyamaza.

"Redio."

"Abee."

"Njoo uone."

Redio akaja. Akainua sweta moja, akaipima mikono kwa macho. "Si kazi yangu hii."

"Uzi ni wa nani?"

"Uzi ni wangu."

"Basi kazi ni ya nani?"

Redio akaigeuza sweta upande wa pili. Nafasi ile ilikuwa yangu, imeachwa wazi kama lango la soko. Nami, mwenye mdomo kuliko wote mle ndani, nikaufungua. Nikasema: "Labda siku hizi shule inapokea watoto waliotengenezwa kwa awamu."

Mwalimu akacheka. Mama Mapacha akacheka. Hata Shangazi mdomo ulimcheza. Redio peke yake alibaki ameinamia sweta, kidole gumba chake kikipita juu ya mshono wangu taratibu.

Shangazi hakufoka, na ingekuwa heri angefoka. "Funguo zisubiri," alimwambia. "Jumamosi nitaamua. Siwezi kukuachia karakana wakati mkono mmoja haujui urefu wa mwenzake."

Kesho yake Redio alianza kuzifumua yeye. Akamaliza ya kwanza, akamaliza ya pili. Kwenye ya tatu akasimama. Mimi natumia mkono wa kushoto, na fundo langu la mwisho hulalia upande ambao fundo la mtu mwingine yeyote mle ndani halikulalia. Aliligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akanitazama. Hakukunja uso. Aliikunja ile sweta, akaiweka juu ya nane zilizobaki, akarudi kwenye mashine yake. Kraa, kraa.

Nikangoja aseme. Jumatano hakusema. Alhamisi hakusema. Nikaanza kumkasirikia, kweli kabisa. Mtu gani huyu anatembea na haki yake mfukoni kama leso? Angesema, nilikuwa nimeshaandaa mzaha wa kumzima. Nilikuwa na mizaha mitatu, wa tatu ulikuwa mzuri sana. Lakini yeye alifuma tu, na mimi nikawa nasikia kila mstari.

Ijumaa asubuhi alikuja na mfuko wa plastiki. Akamsogelea Mama Mapacha.

"Dirisha la sebuleni kwako lina upana gani?"

"Kwa nini, mwenzangu?"

Redio akatoa lile pazia. "Chukua. Kwangu litakaa bure."

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta tu nimesimama.

"Shangazi, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Zile sweta. Nilizifuma mimi, nikatia uzi wa Redio."

Mama Mapacha akapiga makofi. "Jamani huyu mtoto! Anataka kumchekesha mwenzake asilie."

"Cherehani, leo sina nafasi ya utani," Shangazi alisema, na wala hakuinua kichwa.

Unaijua adhabu ya mchekeshaji? Siku anayosema kweli, watu wanasubiri ifike sehemu ya kuchekea. Nilisimama pale na kweli yangu mkononi, kama mchuuzi aliyekuja soko limeshafungwa. Na nitakiri jambo: ilikuwepo sekunde moja tamu sana. Ningeweza kuketi. Nimesema, hawakuamini, kosa langu liko wapi hapo? Nilishaanza hata kujiegemeza kwenye sentensi ile kama mtu anayejilaza kwenye kochi: mimi niliwaambia.

Redio hakugeuka. Alikuwa analikunja pazia, pembe kwa pembe.

Nikaenda kwenye rundo, nikazichukua zile sweta tisa, nikazimwaga mbele ya Shangazi. Nikachukua sindano na uzi. "Angalia fundo," nilimwambia. "Angalia linalalia wapi." Nikafunga fundo mbele ya macho yake kwa mkono wangu wa kushoto, nikaliweka sambamba na la kwenye sweta. Nikafunga la pili, nikaliweka kwenye sweta ya pili. Kufika la tatu, bado fundo lililalia kulekule. Sikutia hata kichekesho kimoja. Nafikiri hicho ndicho kilichomshtua.

Shangazi alilitazama fundo muda mrefu. "Na mimi," alisema kwa sauti ndogo, "miaka yote hii nimekuwa nikiangalia rangi." Kisha akaniinulia macho. "Haya. Unataka nikufanye nini?"

"Sijui, Shangazi. Nirudishe kwa baba."

"Baba yako ndiye aliyekuleta. Nikikurudisha atakupeleka kwingine, na huko nako utakuwa umepelekwa. Nakuuliza wewe."

Nilitazama mlangoni, nadhani nikitarajia mtu aingie anijibie. Hakuingia mtu. Nikaanza kusema polepole, kila sentensi ikinishangaza mimi mwenyewe. Nitazifumua zote. Nitazifuma upya kila alasiri nikimaliza kazi ya siku. Nitazipeleka shuleni mwenyewe, niwaambie aliyekosea ni mimi. Baba nitamwambia kwa mdomo wangu, asisikie kwa simu.

"Na huyu?" Shangazi akamwonyesha Redio kwa kidevu.

"Dada," nikasema, "nimekuchafulia jina. Naomba radhi."

"Mm," alisema Redio.

Nimeisikia mm yake mara elfu, lakini ile siijui ilikuwa ya namna gani. Haikuwa ndiyo. Alichofanya ni kumwendea Mama Mapacha na kunyoosha mkono, naye Mama Mapacha, bila kuongea kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akamrudishia pazia lake.

Jumamosi alipewa funguo mbele yetu sote, na Shangazi akamwomba radhi mbele yetu sote. Redio akasema atahamia mwisho wa mwezi, akishamaliza kazi iliyokuwa kwenye mashine.

Mimi nikabaki na uzi wangu. Uzi uliofumuliwa una kumbukumbu. Unatoka na mawimbi kama nywele zilizofunguliwa misuko, na ukiufuma hivyohivyo sweta inaota vipele. Lazima uuzungushe mafungu makubwa, uuloweke maji ya uvuguvugu, kisha uutundike na chupa ya maji ikining'inia chini yake mpaka unyooke. Vidole vilinichubuka. Mgongo uliniuma mahali ambapo sikujua nina mgongo. Na kila alasiri, jua la saa kumi na moja likiingia kwa chini mlangoni na kuzikuta zile chupa zinazunguka polepole hewani, nilijikuta nina raha. Niliistukia raha ile. Nikaichunguza kama mtu aliyepewa chenji nyingi kupita kiasi. Niliizoea raha ya kucheka, na raha ya kungojea; hii ilikuja nikiwa nakirudisha kihesabio kwenye sifuri, nikijua kwa hakika kwamba nimekirudisha.

Baba nilimwambia Jumapili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nani kakutuma uniambie?" Nikasema hakuna. Akanitazama kama mtu aliyepokea barua na haujui mwandiko.

Alasiri moja tulibaki wawili tu, mimi na Redio.

"Ulijua tangu Jumanne ile," nilimwambia. "Mbona hukunitaja?"

Alisukuma treni mara nne kabla ya kujibu. "Ningekutaja, ungetia mzaha. Wangecheka. Mimi ningekuwa mwongo na wewe mchekeshaji."

"Na kama nisingesema kabisa?"

"Ungebaki nayo." Akasukuma tena. "Ni nzito ile."

Shuleni nilisimama mbele ya darasa, masikio yakiwaka moto, nikasema nilichokuja kusema, nikagawa sweta kumi na moja. Watoto walikuwa hawajali maungamo yangu hata kidogo. Msichana mmoja aliivaa yake, akailinganisha mikono, akanuna. "Ule mrefu nilikuwa nafichia vidole asubuhi," alisema. Nikamwahidi glavu. Nilimfumia, na mistari nilihesabu kwa sauti.

Mwisho wa mwezi nilimsaidia Redio kufunga vitu vyake. Alikuwa anaifunga treni kwa kitambaa aliposema, bila kunitazama:

"Kule kuna mashine mbili."

"Nimesikia."

"Mimi ni mmoja."

Nikaacha kufunga. "Unanitaka mimi? Baada ya yote yale?"

"Sijamaliza kukusamehe," alisema, kwa utulivu, kama mtu anayetaja saa. "Lakini nimekuona ukifuma. Mwenye mkono kama ule nitampata wapi? Sitamwambia Shangazi akupange, wala baba yako sitampigia. Jumatatu saa moja asubuhi nafungua. Ukitaka, njoo. Ukibaki huku, hakuna ubaya, ni kwa watu wako."

Jumapili nzima nilizunguka nalo. Huku kulikuwa na Mama Mapacha na dirisha lake, vicheko, chai, kulabu zangu. Kule kulikuwa na saa moja asubuhi na mtu wa maneno sita kwa siku. Nilijaribu kutafuta wa kumlaumu endapo nitachagua vibaya. Nikamjaribu baba, nikamjaribu Shangazi, nikaijaribu hata serikali. Hakuna aliyeenea. Usiniulize kwa nini hilo lilinipa usingizi mzuri, lakini lilinipa.

Jumatatu nilifika saa moja kasorobo. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Nikaketi kwenye ngazi ya saruji, viatu vimelowa umande, soko likifungua maturubai yake moja moja. Muuza mkate aliyekuwa akipita na baiskeli akaniuliza kama nimefungiwa nje.

"Hapana," nikamwambia, "nimewahi tu."

Mikate yake ilikuwa bado ya moto. Nikanunua miwili.